Lile joho, ulilete

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa, najua ilitakiwa itoke jana Jumapili asubuhi na leo ni Jumatatu tarehe 4 Machi jioni, umeme umerudi mchana huu ndo nikachaji simu nikakaa chini niandike, na mikono bado inauma kwa kushika beleshi. Neno letu ni 2 Timotheo sura ya 4, kuanzia mstari wa 9 hadi mwisho. Naomba msome kwanza kwenye Biblia zenu, mpite taratibu kwenye mstari wa 13 na wa 21, halafu mrudi hapa.

Kwa ndugu wa nyumbani ambao wamekuwa wanapiga simu bila kunipata, hapa tunapokaa panaitwa South Lake Tahoe, ni mji mdogo kando ya ziwa Tahoe, ziwa lililoko juu milimani huku Marekani, sehemu kubwa California na sehemu Nevada. Usawa wa maji uko mita 1,897 kutoka baharini, yaani ukisimama ufukweni hapa uko juu karibu sawa na mtu aliyesimama Njombe mjini. Nilipofika mara ya kwanza nilijifariji na hilo, nikasema mi ni mtoto wa Njombe, baridi naijua, Juni na Julai tumeamka tukakuta sakitu imechoma viazi shambani, sasa hapa kitanishinda nini. Kumbe urefu ni ule ule lakini huku hakuna ikweta karibu. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 501 na haligandi, hata baridi iweje, kwa sababu maji ni mengi mno, yale ya juu yakipoa yanazama na ya chini yanapanda, msimu wote wa baridi hauwezi kuyapoza yote yakafika kuganda. Kwa hiyo unakuta theluji imefunika kila kitu, mapaa, magari, misonobari, halafu katikati pale kuna maji ya bluu nyeusi yanapiga mawimbi kama bahari. Wiki hii yalipiga hasa.

Dhoruba ilianza Alhamisi. Watu wa hali ya hewa walishaonya siku kadhaa kabla, wakasema wazi kabisa kwamba kama una safari ifanye mapema au iache, kuanzia Ijumaa barabara za mlimani hazitapitika. Na ikawa hivyo. Barabara kuu ya I-80 inayopita mlima wa Donner ilifungwa Ijumaa na ikabaki imefungwa wikiendi nzima, magari yalikwama huko watu wakakaa ndani masaa na masaa. Juu kwenye mgongo wa mlima pale Palisades, wanapoteleza kwa ski, upepo ulipimwa ukapita kilomita 300 kwa saa. Huku kwetu chini kando ya ziwa haikuwa kali kama huko juu ila ilitosha, Jumamosi asubuhi nimefungua mlango nakutana na ukuta mweupe umefika kiunoni, na gari nikalitambua kwa kioo kimoja tu cha pembeni.

Umeme ulikatika Ijumaa usiku. Sasa hita yetu ni ya gesi lakini feni inayosukuma joto inatumia umeme, umeme ukienda na yenyewe inazima, gesi ipo na joto hakuna. Jumamosi mchana nilikuwa mimi na mwanangu tumevaa kila kitu tulichonacho, tumejifunika mablanketi yote kitanda kimoja, na ukiongea mvuke unatoka mdomoni humo humo chumbani.

Na hapa ndo nataka kusema jambo lililonichoma. Katika hali hiyo simu yangu ilikuwa bado na chaji kidogo. Mama mkubwa alipiga kutoka Njombe, ameona habari, akauliza mko salama? Nikamjibu tuko salama mama, Mungu ni mwema. Dada mmoja wa Sacramento akatuma ujumbe, mnahitaji chochote? Nikaandika hapana dada asante, tunaendelea vizuri, mtuombee tu. Msimamizi wangu wa kazi akauliza pia (ninahudumia wazee, mnajua), nikasema niko sawa. Watu watatu wameniuliza kwa upendo na wote nimewajibu kama mtu anayejibu salamu, nzuri, nzuri, nzuri, na pembeni yangu mtoto anatetemeka meno. Nilijiambia hii ni imani. Nilijiambia mtu wa Mungu hakiri udhaifu.

Jioni giza lilipoingia nikakumbuka lile jiko la mkaa la kuchomea nyama, liko nje chini ya theluji, na mfuko wa mkaa upo stoo. Nikawaza nilichimbue, niliwashe nje, likishakolea nililete chumbani kama tulivyokuwa tunafanya nyumbani. Nilishavaa mabuti kabisa. Wapendwa, niliposhika kitasa cha mlango nikakumbuka wale watoto wawili wa jirani zetu, mi nikiwa darasa la tano, mwezi wa saba, walilala na jiko la mkaa ndani madirisha yamefungwa na asubuhi hawakuamka. Ile hewa ya mkaa haina harufu, haina rangi, inakulaza tu. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikalia, na sikulia kwa baridi, nililia kwa sababu niliona nilikuwa tayari kumhatarisha mwanangu kuliko kwenda kugonga mlango wa mtu hatua ishirini kutoka kwangu.

Maana moshi wa kuni nilikuwa nauona. Jirani yetu ni mzee wa Kimeksiko na mkewe, wana lile jiko la chuma la kuni, bomba lao lilikuwa linatoa moshi tangu asubuhi. Miaka miwili tunapungiana mikono tu. Nikambeba mtoto mgongoni kwa sababu theluji ilikuwa inampita, tukavuka, ile hatua ishirini ilituchukua kama robo saa, nikagonga. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi ya kuomba radhi. Mzee akafungua, hakuniacha nimalize, akasema ingia ingia, funga mlango joto linatoka. Basi. Mama yule akatupa maharage na zile chapati zao za mahindi, akamvua mtoto soksi akazitundika karibu na moto. Tulilala kwao siku mbili.

Sasa turudi kwa Paulo. Hii sura ya 4 wote tunaijua kwa mstari wa 7, nimevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza, imani nimeilinda. Nyumbani huo mstari unasomwa karibu kila msiba, unaandikwa kwenye misalaba na kwenye ratiba za mazishi. Lakini ni mara ngapi umesikia mahubiri ya mstari wa 13? Ni mistari sita tu mbele, mtu yule yule, barua ile ile, anaandika kwamba lile joho nililoliacha Troa kwa Karpo, utakapokuja ulilete, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Halafu mstari wa 21 anasema, jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Yuko kifungoni, ni mzee, wenzake wameondoka, Demasi amemwacha, Luka peke yake yupo naye, na anajua kinachokuja. Ameona baridi inakaribia na anataka koti lake.

Nimeusoma huu mstari kwa mwanga wa moto wa yule mzee, Biblia nilikuwa nimeiweka kifuani ndani ya jaketi wakati tunavuka, na nilishangaa sana. Kwa sababu mstari wa 17 anasema Bwana alisimama pamoja nami akanitia nguvu. Yote mawili yako kwenye ukurasa mmoja! Bwana amesimama naye, na bado anahitaji joho. Hakuona kama kuomba koti kunapunguza ushuhuda wake. Hakumwandikia Timotheo kwamba niko salama, niombee tu. Alitaja nguo yenyewe, akataja mji, akataja jina la mtu aliyenayo, akataja na muda, kabla ya baridi. Mtume aliyefufua kijana kule kule Troa (Eutiko, Matendo 20) haoni aibu kusema mwili wangu unasikia baridi.

Na tukumbuke, huyu Paulo baridi alishaijua. Matendo 28, meli imevunjika, wametoka majini Malta, mvua inanyesha, na wenyeji ambao hawakumjua Paulo wala Mungu wake wanawasha moto wanawakaribisha wote. Watu 276, ukisoma sura ya 27 mwishoni idadi imeandikwa. Paulo alipokea moto wa watu asiowajua, na alipokea huku akiokota kuni, maana ndo hapo nyoka alipotoka, kwenye mzigo wa kuni alioukusanya yeye mwenyewe. Jumapili asubuhi ibada hazikuwepo, Jumapili ya tatu ya Kwaresima na makanisa yamefungwa, nikawa napanga kuni za yule mzee ukutani, nafikiri hiyo ndo ilikuwa ibada yangu.

Kuna habari moja ya zamani ya milima hii ambayo watu wa hapa hawaisahau. Mwaka 1846 msafara wa familia zinazohamia California ulichelewa njiani, walifika chini ya ule mlima ambao leo unaitwa Donner mwanzoni mwa Novemba na theluji ikawatangulia, wakakwama kwenye ziwa dogo la upande wa kaskazini wa Tahoe mpaka mwaka uliofuata. Karibu nusu yao walikufa. Waliobaki walipona kwa sababu wachache kati yao walivuka kwa miguu kwenda kutafuta msaada, na watu wa bondeni, wengine hawakuwa na ndugu yeyote kule juu, wakapanda mara nne kwenye theluji kuwafuata. Nikisoma jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi nawaona hao watu. Baridi haina huruma na mtu anayesema kesho.

Leo mchana tulipotoka, jirani mwingine ambaye sijawahi kuongea naye alikuwa anachimba kwenye kona, nikadhani anatafuta gari. Kumbe anatafuta bomba la zimamoto. Huku mabomba ya zimamoto yamewekewa vijiti virefu vyenye bendera ili yaonekane, na watu wa mtaa huwa wanachimbua lile lililo karibu nao, kwa sababu nyumba ikishika moto wazimamoto wakianza kutafuta bomba chini ya theluji, dakika zinakwisha. Na watu wanawasha moto sana siku hizi, mishumaa, majiko ya kuni, majenereta. Nikachukua beleshi nikamsaidia. Greda lilikuwa limepita likasukumia theluji yote pembeni, na theluji iliyosukumwa na greda inakuwa ngumu kama zege, tulichukua karibu lisaa.

Nikiwa nachimba nilikuwa namfikiria yule dada wa Sacramento. Aliniuliza, mnahitaji chochote? Ni swali zuri sana, ni swali la mtu anayetaka kutii, nikamfungia mlango kwa maneno ya kiroho. Dada, kama unasoma hapa, nakuomba msamaha. Na mama mkubwa nimeshampigia saa hii nikamweleza yote, alikaa kimya muda mrefu halafu akasema, mwanangu, na mimi mwezi wa kwanza nililazwa siku nne, sikukwambia nisikupe mawazo. Yaani kumbe tumekuwa tunadanganyana kwa upendo, yeye Njombe mi huku, kila mmoja anamwombea mwenzake asiyemjua hali yake.

Wiki hii kabla ya Jumapili naomba kila mmoja asome ile mistari, halafu ajiulize joho lake ni lipi, liko wapi na nani anaweza kulileta, amtumie mtu huyo ujumbe na alitaje kwa jina. Madeni, dawa, mtoto aliyekushinda, upweke, vyovyote. Na ukitumiwa ujumbe kama huo usijibu na mstari wa Biblia peke yake.

Ninaanza mimi. Wiki hii sikufanya kazi siku nne na masaa yasiyofanyika hayalipwi, kodi ya Machi sijaimaliza, naombeni mniombee kwa hilo. Na mwanangu ametimiza miaka tisa, koti lake la baridi limemkataa, mikono inaishia hapa katikati na zipu haifungi, na watu wa hali ya hewa wanasema msimu bado haujaisha. Anavaa saizi ya miaka kumi. Kama kuna mtu Sacramento au Reno ana koti zito ambalo limekuwa dogo kwa mtoto wake, na ana safari ya kupanda huku barabara zikishatulia, naomba alilete.