Propela nyepesi kwenye Subaru yangu: kilo tatu na nusu, miezi minne na chupa ya rangi ya kucha

Nianze na hili la farasi, yaani nguvu za injini, maana ndilo lililoniponza. Chalii mmoja wa Arusha mwenye Subaru Impreza kama yangu tulikutana kituo cha mafuta pale Boma Ng'ombe, akaniambia, "Dada, ukitoa propela ya chuma ukaweka ya aluminiamu, unaongeza farasi 30." Thelathini! Na mimi nikaamini. Mimi ninayeandika madeni ya duka la dawa hadi shilingi ya mwisho nilimwamini mtu kwa sababu bomba lake la moshi lilikuwa linanguruma vizuri.

Nimeshafunga, nimeendesha miezi kadhaa, na jibu ni kwamba farasi hakuna. Propela haitengenezi nguvu, ni lile bomba refu chini ya gari linaloipeleka tu nyuma kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, ile sanduku ya gia inayozungusha magurudumu ya nyuma. Ukiipunguza uzito, injini inapata mzigo mdogo wa kuzungusha wakati unakanyaga, basi. Tena propela ni nyembamba, na uzito uliokaa karibu na katikati ya mzunguko hausumbui sana. Kilo moja kwenye flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini) au kwenye rimu inaumiza kuliko kilo kadhaa kwenye propela. Halafu ukiwa gia ya kwanza, mahali ambapo wote tunataka gari iruke, propela inazunguka polepole kuliko injini zaidi ya mara tatu, kwa hiyo hata ile nafuu ndogo unaipata kwa kijiko cha chai. Haya yote nimeyajua baada ya kutoa hela.

Gari yenyewe ni Impreza WRX ya 2002, ile yenye taa za mviringo ambayo watu wanaicheka sura. Turbo, gia za mkono, farasi 250 za Japani wakati inatoka kiwandani. Wangapi wamebaki hai baada ya petroli zetu na milima ya Kibosho, sijapima.

Kabla ya kununua chochote nilitaka njia ya mkato. Fundi wangu wa kwanza, Arusha, ambaye simtaji, alisema hakuna haja ya kuagiza: "Bomba la propela ni nene bila sababu. Ipeleke kwa watu wa kuchonga, wapunguze unene, utapata nyepesi kwa laki moja." Nikaona huyu ndiye mtu mwenye akili. Nikaibeba propela hadi Unga Limited, hukohuko Arusha, kwenye karakana moja yenye mashine ya kuchonga ya zamani, ile ya mkanda. Mzee wa pale alinipokea vizuri.

"Karibu mama. Gari ya shemeji hii?"

"Shikamoo mzee. Shemeji anapanda bodaboda. Gari ni yangu."

Akacheka, akaifunga propela kwenye mashine. Jamani, ile kazi ilikuwa tamu kuangalia. Chuma kinatoka kama maganda ya viazi, kinajikunja, kinaanguka chini kikiwa bado cha moto. Propela ilianza nyeusi yenye kutu ikaishia inang'aa kama kijiko cha harusi. Alipomaliza akanionyesha vibati vitatu vidogo, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, alivyovitoa kwa tindo kabla ya kuchonga. "Na huu uchafu wa welding nimekutolea, bure." Nikamshukuru. Nikamwachia na hela ya soda.

Uchafu wa welding! Vile vibati ndivyo vilivyopachikwa kiwandani ili kusawazisha propela. Hakuna bomba linalotoka likiwa sawa pande zote, kwa hiyo wanalizungusha kwenye mashine, wanaona upande mwepesi, wanachomelea kibati hapo. Mzee wa watu aling'oa hesabu yote ya Wajapani kwa tindo, kisha akachonga bomba likiwa limeshikwa kwenye kros, vile viungo vya kujikunja vya propela, ambazo zenyewe zinacheza, maana yake upande mmoja ukabaki mwembamba kuliko mwingine. Na mimi nimesimama pembeni natoa hela ya soda.

Safari ya kurudi Moshi naikumbuka kila kona. Hadi kilomita 60 kwa saa, kimya, nikajiona nimeshinda. Tengeru, Usa River, sawa. Baada ya kuvuka njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA nikafika 80, kioo cha ndani kikaanza kuwa na ukungu. Nikakifuta na kitambaa, kumbe si ukungu, kinatetemeka. Kwenye 90 sarafu kwenye kile kisahani cha mbele zikaanza kucheza ngoma, na sakafu ikawa inanguruma kama mtu anasaga mahindi chini ya kiti. Kwa mwendo wa 100 propela inazunguka kati ya mara 3,000 na 4,000 kwa dakika kutegemea difu uliyonayo. Kosa la gramu chache tu linakuwa nyundo. Nilishuka Kikavu na gia ya tatu huku natubu dhambi zangu.

Kitu kimoja nilichofanya vizuri siku hiyo: nilitoa gia, nikaacha gari iserereke yenyewe. Mtetemo ukabaki vilevile. Kama ungekuwa wa injini ungepungua. Na kama ungekuwa wa tairi la mbele ningeusikia kwenye usukani, wa taratibu, si mtetemo wa harakaharaka wa kwenye makalio. Fundi akikuambia ukabalansi tairi kabla hujafanya jaribio hilo, mwambie asubiri.

Wiki tatu baadaye senta beringi, ile inayoshika propela katikati kwa sababu Subaru inatoka na propela ya vipande viwili, ikachanika mpira. Ilikuwa inalia kama mbwa koko. Na kros za hii gari si kama za Hilux, za kutoa klipu na kuweka mpya. Zimegongwa humohumo kiwandani, zikiisha unatafuta propela nyingine. Basi sasa nalazimika kununua, na kama nanunua, nikasema acha niwe mjinga kamili: nikaagiza ya aluminiamu, ya kipande kimoja.

Bei? Milioni mbili na ushee ukiweka ushuru na VAT ya asilimia 18. Siandiki zaidi, mume wangu anasoma. Ilipita Dubai kwa ndugu, ikafika Dar, ikapandishwa basi pale Mbezi. Konda akaigomea: mita moja na nusu, ataiweka wapi, na ni ya nini? Mdogo wangu aliyekuwa ameipeleka akamwambia ni bomba la pazia. Risiti ninayo mpaka leo: "Bomba la pazia, 1." Ikalipiwa kama pazia.

Niliipima kwa mizani ya jirani anayenunua parachichi. Ya zamani, hata baada ya kuchongwa, ilikaribia kilo 10. Mpya, sita na nusu. Jirani akauliza kama nauza kwa kilo.

Kama unajiuliza kwa nini bomba la aluminiamu ni nene kwa kipenyo kuliko la chuma, sababu ipo. Propela ndefu isiyoshikwa katikati ikizunguka sana inafika mwendo ambapo inaanza kupinda yenyewe kama kamba ya kuruka, na urefu unaishusha hiyo namba vibaya sana: ukiongeza urefu mara mbili, mwendo wa hatari unashuka hadi robo. Dawa ni kunenepesha kipenyo. Ndiyo maana nakuomba usimruhusu mtu akukatie bomba la maji la aluminiamu akakuambia ni kitu kilekile. Nimeshapewa ushauri huo pia, na mtu aliyevaa tai.

Kufunga nilimpa dogo mmoja wa hapa Moshi, Majengo. Bolti nne kwenye difu, mbili za senta beringi, bomba la moshi linashushwa. Hayo fundi yeyote anayajua. Asilolijua ni mafuta. Ukichomoa propela ya Subaru, mdomo wa giaboksi unabaki wazi. Kule Arusha waliinua gari mbele, na fundi alipovuta, oili yote ilimwagikia kifuani, ile ya kunuka kama yai bovu, hadi mchana watu wakawa wanakula mbali naye. Mara hii nikamwambia dogo, inua nyuma tu, stendi za chuma, siyo mawe. Mafuta yanakimbilia mbele. Halafu mdomo tukauziba kwa glovu ya dukani kwangu, tukaifunga kwa raba ya tyubu ya baiskeli. Mfuko wa plastiki ungefaa lakini mifuko imepigwa marufuku tangu 2019, na glovu inakaa vizuri zaidi hata hivyo. Hayakutoka hata matone kumi. Dogo akaacha kuniita dada, akaanza kuniita bosi.

Tukatoka barabara ya TPC, kiwanda cha sukari, asubuhi, kabla malori ya miwa hayajaamka. Na ikatetemeka! Kidogo, kwenye 95 kwenda juu, lakini ipo. Milioni mbili, na sarafu zinacheza. Nilitaka kulia.

Hapa ndipo nilipojifunza ujanja ambao nitausimulia mpaka nizeeke. Kwanza, flanji ya difu, kile kisahani propela inapofungwa, ina matundu manne, kwa hiyo propela inaweza kukaa kwa namna nne. Nikachukua rangi ya kucha, nyekundu, nikaweka nukta kwenye flanji na nukta kwenye propela ili tujue tulipoanzia. Chaki inafutika na grisi, rangi ya kucha haitoki hadi utumie dawa yake. Tukageuza nusu mzunguko. Mtetemo ukapungua karibu nusu, maana uzito wa propela uliokuwa umeungana na kosa la flanji sasa ukawa unapingana nalo.

Iliyobaki tukaimaliza kwa klipu za mpira wa rejeta, zile pete za chuma za kukaza kwa skrubu. Elfu mbili mbili dukani. Unafunga klipu moja kwenye propela, karibu na difu, na kile kichwa chenye skrubu ndicho uzito wako. Nikagawa duara kwa nukta nne, moja, mbili, tatu, nne, nikimwambia dogo kwamba hii rangi ni ya sherehe asiimalize. Hakikisha klipu haigusi kitu, zungusha kwa mkono kwanza. Kichwa kwenye namba moja, tukaenda: mbaya kuliko mwanzo. Namba mbili: mbaya vilevile, dogo akashika mlango. Tatu: nafuu. Nne: nafuu, sawa na tatu. Basi jibu liko kati ya tatu na nne. Tukaweka hapo, vizuri. Tukaongeza klipu ya pili, vichwa vimekaa pamoja, ikazidi, mtetemo ukarudi. Ndipo inapokuja raha yenyewe: ukivitenganisha vichwa viwili, kimoja kushoto kimoja kulia, nguvu yao inapungua kidogokidogo, kama unafunga bomba la maji. Tukafungua upana wa kidole. Tukaenda. Bado. Kidole kingine. Tukaenda hadi mwisho wa miwa, nikaweka soda wazi kwenye sakafu, na uso wa soda ukatulia.

Safari tisa za chini ya gari. Magoti yangu yalijua. Tukakata mikia ya klipu, tukapaka gundi ya chuma kwenye skrubu, na ziko pale mpaka leo. Usikubali mtu akuchomelee kibati kwenye aluminiamu, moto wa welding unaiharibu.

Nilimwongeza dogo hela atengeneze pete ya flati baa chini ya propela, upande wa mbele. Kros ya mbele ikikatika ukiwa mwendo, propela inashuka inachoma lami na gari linataka kuruka kama mwanariadha wa kuruka kwa fimbo. Trafiki wa Kikavu wana tochi za kupima mwendo, sitaki wanipige nikiwa hewani.

Tofauti ninayoisikia: nikitoa na kuingiza gia haipigi tena ule mlio wa "kdo" chini, na nikikanyaga kwenye kilima cha kwenda Kibosho gari inaitikia mapema, kama mtu aliyekuwa anasinzia akaamka. Muda wa kufika haujabadilika. Yule chalii wa farasi 30 nilikutana naye tena Boma, nikamwonyesha klipu zangu za rejeta. Akasema zinaharibu muonekano.

Ile ya zamani iliyochongwa sikuitupa. Nilimpelekea mama Kibosho, ameigeuza nguzo ya kuegemezea mgomba ulioinama kwa mkungu. Ile sehemu ya kros imekaa kama panda, inashika shina vizuri kuliko mti. Juzi nimempigia, shikamoo mama, habari za nyumbani, akaniuliza kama gari yangu ina nyingine kama hiyo.