Faili Lililokataa Kuamka

Mhasibu wetu aliniletea barua pepe yenye "proforma" kutoka kampuni ambayo hatujawahi kununua kitu kwake. Jina la faili liliishia na .pdf. Windows kwa kawaida huficha mkia wa majina ya mafaili. Nilipoiamuru iuonyeshe, nyuma ya .pdf kulikuwa na .exe, mkia wa programu, si wa waraka. Ningeweza kulifuta yakaisha, ila nilitaka kujua kama kuna mwenzetu aliyekwisha kulifungua, na ningemtambua kwa dalili gani.

Nilichukua alama yake ya SHA-256 (kama alama ya kidole, hukokotolewa kutoka yaliyomo ndani ya faili) nikaitafuta VirusTotal, tovuti inayopima mafaili kwa antivirusi nyingi. Alama tu, faili lenyewe sikulipakia, maana linalopakiwa pale wapo wateja wanaoweza kulipakua, na nyaraka za ofisi si za kuanika sokoni. Haikujulikana.

Basi nikatenga laptopu kuukuu, nikaweka VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ndani ya kompyuta, na mashine pepe mbili: moja ya Windows, ya pili REMnux (Linux ya kuchunguzia programu hasidi) ikiendesha INetSim, inayojifanya ndiyo intaneti. Zinaonana zenyewe tu. Klipubodi na folda za pamoja nilizizima, kwani humo ndimo uchafu unamopenya. Nikahifadhi hali ya Windows ikiwa bado safi.

Nikalibofya. Kimya. Process Monitor, inayorekodi yanayofanywa na programu, ilionyesha kwamba limepekua rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, likaikuta Guest Additions, nyongeza ya VirtualBox, likajifunga. Kujenga sandiboksi, chumba cha majaribio kama hiki, si kazi; kazi ni kuifanya ifanane na kompyuta ya mtu. Nikaondoa Guest Additions, nikabadilisha anwani ya MAC, utambulisho wa kadi ya mtandao (inayoanza na 08:00:27 ni ya VirtualBox, na waandishi wa virusi wanajua), nikaongeza prosesa na diski, nikajaza nyaraka za Word zisizo na kichwa wala miguu. Hata INetSim niliiwasha na kuizima kwa zamu, kwa kuwa intaneti inayoitikia kila jina inatia shaka. WannaCry ya 2017, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu ikidai fidia, ilijizima ikipata jibu kutoka anwani ambayo haikuwa imesajiliwa. Marcus Hutchins, mtafiti aliyeisajili anwani hiyo, alidhani ilikuwa mbinu ya kukwepa wachunguzi.

Safari hii liliamka. Likajinakili ndani ya AppData, folda ya mtumiaji iliyofichwa, likajiandika kwenye ufunguo wa Run wa rejista ili liwake kila mtumiaji anapoingia, kisha likawa linaita jina moja la tovuti, halichoki. Jina hilo nikalizuia kwenye mtandao wa ofisi, nikapita meza kwa meza kuangalia ufunguo ule. Ulikuwepo kwenye kompyuta ya mapokezi. Tukachomoa waya, tukaifuta yote, na nywila zilizowahi kutumika pale tukazibadilisha kupitia kompyuta nyingine.