Taa za Vitz Yangu Hazikuwa Zimekufa

Taa za mbele za Vitz yangu zilikuwa zimeingia ukungu na umanjano, na kila niliyemwonyesha alikuwa na dawa yake. Huyu dawa ya meno, yule dawa ya mbu. Fundi mmoja wa Ngara hakutaka hata kuzigusa: "Mkubwa, hizi zimekufa. Teremka Kirinyaga Road ununue zingine." Nikateremka. Jozi ya mtumba ya kutoka Japani ilikuwa elfu ishirini na kitu, na zenyewe zimeanza umanjano pembeni!

Dawa ya meno inang'arisha, sikatai. Lakini inasugua uchafu wa juu tu na haiachi kinga yoyote, kwa hiyo jua la Januari lilipowaka, ukungu ulirudi vilevile. Dawa ya mbu ni mbaya zaidi. Ile yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, inalainisha na kuyeyusha plastiki, taa inapendeza kwa muda mfupi huku uso wake ukizidi kuharibika. Anayekushauri hivyo hajawahi kuendesha gari usiku kwenye mvua na taa zisizomulika.

Taa hizi si kioo, ni plastiki ya polikaboneti, na kiwandani hupakwa utando mwembamba wa kuzuia miale ya jua. Nairobi iko karibu na ikweta, tena mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo miale inatupata sawasawa. Utando ukichakaa, plastiki yenyewe inaanza kuungua.

Kabla hujatoa hata shilingi, mwagia taa maji uitazame ikiwa bado imelowa. Nilipomwagia yangu, ukungu ulipotea palepale, nikaiona balbu na maandishi madogo yaliyochapwa ndani. Maji yalikuwa yamejaza mikwaruzo ya nje, basi nikajua ugonjwa uko juu na msasa na mashine ya kupolishi vitauondoa. Taa ikibaki na ukungu hata ikiwa imelowa, tatizo liko ndani au plastiki imejaa nyufa, na hapo utasugua bure. Kipimo cha chupa moja ya maji, na hakuna fundi hata mmoja aliyenifanyia!

Nilizungushia tepu ya karatasi ili nisikwaruze rangi ya boneti, nikaanza na msasa wa maji namba 800 (namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi). Maji yanayotiririka mwanzoni ni ya manjano. Huo ni utando wa zamani unatoka. Sugua mpaka yawe meupe kama maziwa. Taa itaonekana mbaya kuliko ulivyoikuta, na hapa ndipo wengi huogopa wakaachia njiani. Panda 1000, 1500, 2000, umalizie 3000. Namba moja ukisugua kwa mlalo, inayofuata sugua kwa wima, ndipo utaona mikwaruzo ya namba iliyopita kama bado ipo. Ikiwepo, usipande.

Mashine niliazima kwa jirani, ile ambayo sahani yake inazunguka huku ikiyumba. Sponji, polishi ya kukata (ile yenye chembe za kusugua) kidogo tu, mwendo wa chini, na usisimame mahali pamoja. Taa ikawa wazi kabisa.

Wanaopolishi taa barabarani huishia hapo, wanachukua pesa, na baada ya miezi michache umanjano umerudi. Lazima urudishe kinga! Niliifuta kwa spiriti, nikapuliza kliya, ile rangi angavu ya juu, yenye kinga ya miale ya jua, mikono miwili myepesi, asubuhi na mapema kabla upepo haujainua vumbi. Mkebe wa kliya ndio uliokula pesa nyingi kuliko vyote, na bado sikukaribia bei ya Kirinyaga Road.

Bampa ni hadithi ya uchungu. Nilikuwa nimelipeleka kwa fundi mwingine alipolishi, kabla sijapata mashine. Akafunga sponji kwenye grainda ya kukatia chuma. Grainda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Polishi haihitaji hata 2,000. Bampa ni plastiki, halitawanyi joto kama bati, na kwenye kona rangi huwa nyembamba. Nilisikia harufu kabla sijaona. Kona ya kulia ilikuwa imebaki plastiki nyeusi, na pesa alidai zote.

Upande wa kushoto niliufanya mwenyewe. Kulikuwa na alama nyeupe ya gari lililonigusa kwenye maegesho. Nilipitisha ukucha: haukukwama, maana yake rangi ya mwenzangu ilikuwa imekaa juu ya kliya yangu. Nikabandika tepu kwenye kingo zote, na kila nikipitisha mashine nagusa bampa kwa mgongo wa mkono. Likipata moto, napumzika. Alama ilitoka yote. Kona ya kulia inangoja mpiga rangi, na nimeshaamua nitakaa naye hapohapo mpaka amalize.