Nilivyowafanya wenzangu wamkubali Slafkovský

Ushauri mbaya kuliko wote niliopewa tangu nihamie Montreal ulikuwa huu: "Wewe umetoka Bujumbura, hoki ya barafuni waachie wenyewe." Aliyeniambia ni mwenzangu wa pale ghalani tunapofanya kazi, na aliniambia kwa nia njema, akidhani ananiepusha na aibu. Lakini mimi nimekulia Buyenzi, mtaa ambao kila kibaraza kina makocha watatu. Kijana wa miaka kumi na saba akiingizwa kucheza na watu wazima, sisi tunajua la kutazama. Tunatazama kama anaomba mpira timu ikiwa imefungwa. Tunatazama anafanya nini baada ya kupigwa kikumbo. Sikuona kwa nini macho hayo yakose kazi eti kwa sababu chini kuna barafu.

Habari yenyewe ni ya mwaka 2022. Canadiens, klabu ya hoki ya Montreal, walikuwa wamemaliza msimu mkiani mwa ligi nzima wakiwa na pointi 55, mwaka mmoja tu baada ya kucheza fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ligi hiyo. Tarehe 10 Mei bahati nasibu ya ligi ikawapa nafasi ya kwanza katika uteuzi wa vijana. Kwa asiyefuatilia: kila mwaka klabu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika ya Kaskazini, huchagua vijana wa miaka kumi na minane hivi kwa zamu, zilizofanya vibaya zikitangulia, na kijana akishachaguliwa haki yake inashikwa na klabu hiyo. Montreal hawakuwa wamechagua wa kwanza tangu 1980. Zaidi ya hapo, sherehe yenyewe ilikuwa ifanyike kwao, kwenye uwanja wao wa Bell Centre, tarehe 7 Julai. Kwa wiki nane mji huu haukuzungumza kitu kingine. Kwenye basi, kwa kinyozi, msikitini baada ya swala watu wakiwa wanatafuta viatu vyao, swali lilikuwa moja: nani?

Majina yalikuwa matatu. Shane Wright, senta (mshambuliaji wa kati) wa timu ya Kingston, kijana aliyeruhusiwa kuingia ligi ya vijana ya Ontario akiwa na miaka kumi na mitano, ruhusa inayotolewa kwa wachache mno. Logan Cooley, senta mwepisi wa timu ya vijana ya Marekani. Na Juraj Slafkovský, winga wa Slovakia aliyekuwa akicheza Turku, Finland, kwenye klabu ya TPS.

Shemeji yangu alikuwa mtu wa Wright, na hoja zake hazikuwa za kudharau. Wright alifunga mabao 39 katika michezo 58 ya msimu wake wa kwanza, akiwa mtoto kabisa. Msimu uliofuata ligi yao ilifutwa kwa sababu ya Covid, na aliporudi alipata pointi 94 katika michezo 63, yaani mabao na pasi za mabao zikijumlishwa. Mzee mmoja wa Bukavu, ambaye sote kwenye mgahawa wetu wa Côte-des-Neiges tunamwita Mzee tu, alikuwa na sheria yake: klabu inajengwa kuanzia kwa senta, winga utampata popote. Kwa hiyo kwake ni Wright, na kama si Wright basi Cooley. Mimi peke yangu nilisema Slafkovský, wakacheka hadi chai ikamwagika.

Walicheka kwa sababu ya namba moja. Kwenye ligi kuu ya Finland, Slafkovský alikuwa na pointi kumi katika michezo 31. Kumi! Shemeji aliitamka namba hiyo kila nilipofungua mdomo.

Nilianza na Olimpiki ya Beijing, kwani nani asingeanza hapo? Mwezi Februari kijana huyu, akiwa na miaka kumi na saba, alifunga mabao saba katika michezo saba, akatajwa kuwa mchezaji bora wa mashindano, na Slovakia ikapata medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika hoki. Kwenye mchezo wa medali ya shaba dhidi ya Sweden walishinda 4-0, mawili yake. Nilipakua vipande vya mabao yote saba kwenye simu, nikavipanga vizuri, nikaenda mgahawani jioni ya Jumamosi watu wakiwa wengi. Nikaiegemeza simu kwenye birika. Wakatazama kimya mpaka mwisho, nami moyoni najua nimeshinda. Mzee akafuta miwani yake, akauliza taratibu: "Mwanangu, hao mabeki wanaopitwa, wanachezea klabu gani?" Basi. NHL haikupeleka wachezaji wake Beijing mwaka ule, na Mzee alijua. "Michezo saba," akaendelea, "hata mimi nina wiki moja nzuri kila mwaka." Mgahawa mzima ukaangua kicheko, na vipande vyangu vikaishia hapo.

Nilirudi nyumbani nimekereka, lakini swali la Mzee lilikuwa zuri, na niliamua kulijibu kwa njia yake mwenyewe. Bahati ilikuwa kwamba siku tatu tu baada ya bahati nasibu, mashindano ya dunia ya wakubwa yalianza Finland, Tampere na Helsinki. Huko wachezaji wa NHL ambao klabu zao zimekwisha kutolewa huruhusiwa kwenda. Kwa saa zetu michezo mingi iliangukia asubuhi na mchana. Nikabadilishana zamu na kijana mmoja Mhaiti, nikalipia chaneli ya michezo, kama dola ishirini na kitu kwa mwezi, pesa ambayo mke wangu bado anaikumbuka, nikakaa na daftari.

Sikuandika mabao. Mabao yanaandikwa na wengine. Niliandika vitu viwili. Cha kwanza, ni mara ngapi anaingia eneo la wapinzani kisahani, ambacho ndicho mpira wa hoki, kikiwa bado kwenye gongo lake, badala ya kukitupa mbele na kukifukuza. Cha pili, wakimbana pembeni kwenye ukuta, watu wawili wamemlalia, ni mara ngapi anatoka nacho. Hiki cha pili ndicho kilichonimaliza. Ana urefu unaokaribia sentimita 193 na uzito wa zaidi ya kilo 100, na watu wazima wenye ndevu walikuwa wakimlalia bila kumng'oa. Anageuza mgongo, anakificha kisahani kwa mwili, anasubiri, kisha anatoa pasi kwa aliye huru. Mashindano yalipoisha alikuwa na pointi tisa katika michezo minane, Slovakia wakiwa wametolewa na Finland kwenye robo fainali. Hapo nilikuwa na jibu la Mzee. Lakini sikutaka kulisema kwa mdomo tena.

Nilifanya hivi. Nilikuwa nimerekodi michezo ya Slovakia yote. Nikawaalika nyumbani, Mzee, shemeji na wengine wa mgahawani, mke wangu akapika wali na ndagala zilizoletwa na mgeni kutoka Bujumbura, na nikawaambia tunatazama mchezo kirafiki tu, bila ubishi. Sauti nilizima, ili mtangazaji asitaje jina. Nikakaa na rimoti mkononi, na kila kamera ilipotaka kusogea karibu na mgongo wa mchezaji ambapo jina linasomeka, nikaruka mbele. Nilikuwa nimeutazama ule mchezo mara nyingi kiasi cha kujua kamera itasogea lini. Shemeji alilalamika kwamba runinga yangu ina kasoro, nami nikanyamaza. Kilichobaki ni picha ya mbali: watu watano wa Slovakia, wote wamevaa sawa, wote kofia ngumu.

Kisha nikawauliza: "Kati ya hawa, yumo mtoto wa miaka kumi na minane. Nionyesheni."

Wakasogea karibu. Shemeji akamtaja winga mmoja mdogo aliyekuwa akikimbia sana, anaanguka, anainuka. Mwingine akamtaja beki aliyepoteza kisahani mara mbili. Mzee hakufanya haraka. Alikula, akatazama zamu tatu nzima za wachezaji kuingia barafuni, akasema mtoto lazima ni yule mwembamba wa kushoto, "na hatafika mbali." Nikawauliza tena: na kama mngeambiwa mchukue mmoja wa timu hii aje Montreal kesho, mngemchukua nani? Wote wakamwonyesha mtu mmoja, yule mkubwa, mtulivu, anayezuia watu kwa mgongo. Mzee akaongeza kwamba huyo lazima ana miaka ishirini na sita au saba, ameshakomaa.

Nikarudisha nyuma, nikaiacha kamera isogee. Jina likaonekana. Sijawahi kusikia sebule yangu ikiwa kimya namna ile. Shemeji aliweka sahani chini. Mzee alilisoma jina herufi kwa herufi, halafu akasema, "Rudisha tena." Tukautazama mchezo ule upya, safari hii sauti ikiwa juu, na hakuna aliyerudi nyumbani kabla ya saa saba usiku.

Hapo ndipo niliweza kueleza habari ya zile pointi kumi, na wakanisikiliza. Ligi ya vijana ya Ontario ni ya umri wa miaka kumi na sita hadi ishirini; kijana mwenye kipaji anapewa dakika nyingi, na anacheza timu yake ikiwa na mtu mmoja zaidi barafuni. Finland ni ligi ya watu wazima wanaotafuta mkate. Huko mvulana wa miaka kumi na saba anasubiri zamu, anapewa dakika za masalio, na kocha hana muda wa kumlea. Kuziweka pointi za ligi hizo mbili kwenye mizani moja ni kupima dagaa na sangara kwa idadi ya vichwa.

Alibaki mmoja, yule mwenzangu wa ghalani, Mquébec mtu mzima. Yeye silaha yake ilikuwa 1980. Mwaka huo Canadiens walimchagua Doug Wickenheiser na kumwacha Denis Savard, kijana wa hapa hapa Montreal. Savard akachukuliwa wa tatu na Chicago, akamaliza na pointi 1,338 na kuingia kwenye Ukumbi wa Mashuhuri wa hoki. Wazee wa hapa bado inawauma. Kwake maana yake ilikuwa: msijifanye wajanja, mchukueni anayejulikana, mchukueni Wright. Nikamuuliza, kati ya wale wawili, ni nani aliyekuwa juu kwenye orodha za wataalamu mwaka ule? Alikuwa Wickenheiser. Hakunijibu siku ile, lakini kesho yake alikuja kwenye meza yangu na kahawa mbili na kuniuliza habari za TPS.

Tarehe 7 Julai tulikuwa mgahawani, mwenye mgahawa akakubali kuuacha mpira wa miguu kwa jioni moja. Kent Hughes, meneja mkuu wa Canadiens, alipolitaja jina la Slafkovský, Mzee alinishika kichwa akakitikisa kama mtoto wake. Hakuna Mslovakia aliyewahi kuchaguliwa wa kwanza kabla ya hapo, na wa pili akawa Mslovakia mwingine, Šimon Nemec, akaenda New Jersey. Cooley wa tatu, Arizona. Wright, ambaye wengi walimweka wa kwanza kwa miaka, akateremka mpaka wa nne, Seattle. Nilimhurumia kwa dhati, kijana wa watu, kamera zote zikimtazama usoni. Na wale waliolia na habari ya senta, Montreal walimpata senta Kirby Dach jioni ile ile kwa kubadilishana na Chicago.

Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu, na niliudhika na watu kuliko na mchezaji. Alicheza michezo 39, pointi kumi, halafu goti likamweka nje kuanzia Januari. "Kumi tena!" wakanipigia simu hata walio Ottawa. Niliwaambia mwili kama ule unachukua muda kujifunza barafu ya Amerika ya Kaskazini, ambako uwanja una upana mdogo kuliko wa Ulaya, mtu anakufikia kabla hujainua kichwa. Wasubiri. Msimu wa 2023-24 akamaliza na pointi 50, mabao 20, akicheza na Nick Suzuki na Cole Caufield. Mwezi Aprili aliifunga Philadelphia matatu kwenye mchezo mmoja. Kiangazi klabu ikampa mkataba wa miaka minane, dola milioni 60.8.

Shemeji sasa amehamia kwa Cooley, ambaye msimu wa 2024-25 alipata pointi 65 akiwa Utah, wakati wetu alikuwa na 51. Cooley ni mchezaji mzuri sana, na ningemfurahia popote. Lakini Caufield ana sentimita kama 173 tu, na Suzuki si mkubwa. Hao walihitaji mtu wa kuingia kwenye kona na kutoka nacho, na ndicho anachofanya kila usiku.

Kinachonishughulisha zaidi siku hizi ni jina jingine. Katika uteuzi ule ule, Canadiens walimchukua wa 62 beki mdogo wa umbo, Lane Hutson, na mwaka 2025 akashinda tuzo ya Calder ya mchezaji bora mpya wa ligi nzima. Wiki nane za ubishi, na jina lake halikutajwa mezani kwetu hata mara moja. Kwa hiyo tumeweka sharti: mwezi wa sita, kabla ya mtu kuruhusiwa kubishania wa kwanza, aje na jina moja la raundi ya pili na mchezo mzima wa kutuonyesha, si vipande. Mzee ameshaleta wake, beki wa Sweden. Jumamosi tunamtazama, sauti ikiwa imezimwa.