Tabora hadi Kigoma na maiki tatu mbovu

Nilizipanga maiki tatu kwenye kopo la biskuti, kila moja ndani ya soksi safi. Moja ni Shure SM58 ya kwaya, haitoi sauti kabisa. Nyingine ni Sennheiser MD 421-N, nzima kwa kuitazama, ila waya na plagi yake vimepotea. Ya tatu ni maiki ya fuwele iliyokuja na rekoda ya kanda ya zamani, sauti yake imebaki kama ya mtu anayesemea mtungini. Nilitia humo vifuko vitatu vya silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, nikakaza kifuniko kwa mpira. Safari ilikuwa ya reli, zaidi ya kilomita 400 kutoka Tabora hadi mwisho wa njia pale Kigoma, na kazi ilikuwa moja tu: kutafuta spea.

Kabla ya kununua chochote nilipima. Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea: mtu anaona maiki imekufa, anakimbilia kutafuta kapsuli (kile kichwa cha ndani kinachogeuza sauti kuwa umeme), kumbe kilichokatika ni waya ndani ya plagi. Weka mita ya kupimia umeme kwenye omu, gusa pini ya 2 na ya 3 za maiki yenyewe (soketi yake ya XLR, ile ya duara, ina pini tatu zenye namba), huku umeisogeza karibu na sikio. Maiki ya dainamiki, yaani yenye koili inayocheza kwenye sumaku, ikiwa nzima inatoa namba, na kila unapogusa unasikia "tik" ndogo, kwa sababu umeme wa mita unaisukuma koili. SM58 ilitoa namba lakini haikutoa tik. Mtu asiyeijua ataridhika na namba na kusema maiki ni nzima. SM58 ina transfoma ndani ya mpini, na pini za 2 na 3 zinapima uzi wa transfoma hiyo, si koili ya kapsuli. Kwa hiyo namba bila tik inakwambia transfoma iko hai na tatizo liko juu yake.

Nilifungua wavu kwa kuuzungusha, nikaitoa kapsuli mpinini taratibu bila kuzivuta nyaya zake mbili. Hapo lazima uachanishe waya mmoja kwanza. Ukipima nyaya zote mbili zikiwa zimeshika, mita inasoma upande wa pili wa transfoma na kukudanganya tena. Waya mmoja ukiwa nje, kapsuli haikusoma kitu. Uzi wa koili umekatika mahali fulani.

Sasa nikaingia soko kuu la Tabora. Mji uliotoa Kiko Kids na Tabora Jazz haukosi vyuma vya muziki, na fundi redio wa kwanza niliyemsalimu alivuta boksi zima la maiki za kuchinja chini ya meza. "Chagua mwenyewe, mwanangu, zote ni original," akasema. Ndani mlikuwa na SM58 moja iliyong'aa. Nilimwomba mama muuza viungo wa jirani mizani yake ya kidijitali. SM58 halisi ina uzito wa gramu 298. Hii ilisoma pungufu ya 250. Tulipoifungua mpini ulikuwa mtupu: nyaya mbili zinashuka moja kwa moja kutoka kapsuli hadi plagi, hamna transfoma. Maiki nyingi za bandia ziko hivyo. Zinaimba, lakini kapsuli yake ukiihamishia kwenye mpini wa asili hailingani na transfoma, na sauti inatoka dhaifu. Kapsuli mpya ya kiwandani kwa SM58 huagizwa kwa namba R59, wavu wake ni RK143G, na ya SM57 ni R57. Ziandike namba hizo kwenye karatasi uziweke mfukoni, maana ukimwambia muuzaji "kichwa cha Shure" atakuletea chochote.

Pale Tabora nilinunua vitu vya kawaida: plagi mbili za XLR za chuma na mita 6 za waya wenye nyuzi mbili ndani na ngao ya kusuka nje. Kata ncha uitazame ngao kabla ya kulipa. Nyaya za bei rahisi zina nyuzi chache zilizozungushwa tu, na zikikunjwa miezi michache zinaanza kuvuma.

Fundi alitaka kunisaidia kufungua kapsuli pale pale. Nilikataa kwa heshima, kwa sababu jirani yake anakata vyuma kwa grainda na meza yote ilikuwa na vumbi la chuma. Kapsuli ya dainamiki ni sumaku yenye mwanya mwembamba sana ambamo koili inacheza. Chembe moja ya chuma ikiingia humo haitoki kwa kupuliza, na kupuliza kwa mdomo kunaongeza unyevu na kunaweza kukipasua kiwambo, ile ngozi nyembamba inayopokea sauti. Zilizoshika kwa nje zitolewe kwa ncha ya utepe wa gundi, gusa na kuinua, gusa na kuinua, kila mara kwa kipande kipya.

Treni iliondoka usiku. Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka. Kopo lilikaa miguuni kwangu chini ya kiti, mbali na dirisha. Palipokucha jua likaanza kuchoma mabati ya behewa, nililifunika kwa kitenge kilicholoweshwa na kukamuliwa, bila maji kugusa kifuniko. Hofu yangu ilikuwa ile maiki ya fuwele.

Uvinza ni nchi ya chumvi, na hapo ndipo pa kuieleza. Fuwele ya maiki hizi za zamani nayo ni chumvi, inaitwa chumvi ya Rochelle, kutokana na mji wa La Rochelle kule Ufaransa. Ukiikandamiza inatoa umeme: sauti inasukuma kiwambo, kiwambo kinakunja kipande cha fuwele, volti inatoka. Kwa kuwa ni chumvi, inavuta maji hewa ikiwa na unyevu mwingi, na ikipita nyuzi joto 55 inaharibika moja kwa moja. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inafika huko bila shida. Pwani na kandokando ya ziwa maiki hizi hufa hata zikiwa kabatini. Fuwele iliyolainika haitengenezeki, na anayekuuzia "fuwele ya zamani ambayo haijatumika" anakuuzia kitu chenye umri ule ule na ugonjwa ule ule. Spea yake ya kweli ni kubadilisha mfumo, na hilo nililiacha hadi Kigoma.

Kigoma nilipanda hadi mtaa wa Mwanga. Bidhaa za muziki za hapa hazifanani na za Tabora. Boti za Kibirizi na Ujiji zinaleta vitu kutoka ng'ambo ya ziwa, na kwa mafundi unakuta plagi na rekoda za Ulaya ambazo huku kwetu bara hazionekani. Ndicho nilichofuata kwa ajili ya MD 421.

MD 421 ilitoka mwaka 1960, na zile zenye herufi N zina soketi ndogo ya Tuchel: pini tatu zinazotokeza upande wa maiki, na uzi wa skrubu wa kufungia pete ya plagi. Plagi yake ya asili ni adimu. Lakini mpangilio wa pini zake ni ule wa DIN ya pini 3, plagi ya duara ya rekoda za zamani za Ulaya, na DIN ya pini 5 iliyopangwa kwa nusu duara ina matundu matatu mahali pale pale. Nilichokuwa natafuta, basi, ni soketi ya kike ya DIN ya kwenye waya, inayopatikana kwenye nyaya za kurefushia za rekoda na redio za zamani za Kijerumani na Kiholanzi. Kwa fundi wa tatu tukaipata, imening'inia kwenye rundo la nyaya juu ya mlango. Nilivua ganda la nje, kikabaki kiini cha plastiki chenye matundu, nikakijaribu kwenye maiki papo hapo. Kiliingia na kubana. Hakifungi kama pete ya asili, kwa hiyo waya ufungwe kwenye stendi usivutwe.

Usiamini namba za pini, zitafute kwa mita. Pini inayosoma sifuri na mwili wa maiki ndiyo ethi, na hapa ilikuwa ya kati. Zilizobaki mbili zilisoma karibu na omu 200 na tik ikasikika safi. Ethi ilienda pini ya 1 ya XLR, nyingine mbili kwenye 2 na 3. Wakati wa kulehemu, kichomeke kile kiini kwenye plagi mbovu ya DIN ili pini zisihame plastiki ikipata moto. Usitumie maiki yenyewe kama kishikio. Sekunde mbili kila pini, pumzisha, endelea.

Maiki mbili zikiimba pamoja na sauti ikawa nyembamba badala ya kuongezeka, moja ina nyaya za 2 na 3 zilizopishana. Zibadilishe upande mmoja tu wa waya.

Ujiji nilipata meza safi ya fundi saa, na hapo ndipo kapsuli ya SM58 ilipofunguliwa. Chini ya lenzi yake tulikiona kidonda: uzi wa koili, mwembamba kuliko unywele, umekatika pale unapopandia kwenye kituo cha kulehemu, chini yake kuna doa la kijani la kutu. Koili yenyewe nzima. Uzi wa kuungia ulitoka kwenye koili ya saa ya ukutani iliyokufa. Usikwangue varnishi yake kwa wembe, utaukata. Weka tone la risasi ya kulehemu kwenye ncha ya pasi ya kulehemu, pitisha uzi ndani ya tone hadi varnishi iungue na uzi ung'ae. Ukaungwa kwa tone dogo kama punje ya uwele, kikaachwa kitanzi kidogo kilicholegea, kwa sababu kiwambo kinacheza na uzi uliokazwa utakatika tena palepale. Fundi alizuia pumzi, mimi vilevile. Mita ikasoma, tik ikaja.

Wavu wake niliuosha kwa maji ya sabuni na mswaki, sponji ya ndani imekuwa unga. Kipande kipya kilikatwa kwenye sponji ya milimita 5 hivi. Iweke mdomoni upulize: pumzi ipite bila kuhisi kizuizi. Sponji ya godoro ni nzito mno, inaua sauti za juu.

Ilibaki ya fuwele. Ganda lake ni zuri na mwenye maiki analitaka kama lilivyo, na amplifaya yake ina mlango wa kuingizia sauti wa omu nyingi, kwa hiyo kapsuli ya dainamiki ya omu 200 peke yake isingesikika. Inahitaji transfoma ya kupandisha, 1 kwa 16 hivi, kutoka omu 200 hadi 50,000. Mwanga nilipata transfoma mbili ndogo zilizochomolewa kwenye mikisa, hazina maandishi. Kuzitambua ni rahisi: simu ipige mlio wa hezi 400 kwa programu ya toni, toa sauti kwa waya wa hedifoni kwenye uzi wenye omu chache, punguza hadi mita isome volti 0.1 ya AC, kisha soma upande wa pili. Usitumie hezi 1,000, mita nyingi za bei rahisi hazisomi vizuri huko. Moja ilitoa 0.4, nikairudisha. Nyingine ilitoa 1.5. Hiyo nikaichukua, pamoja na kapsuli ya maiki ya rekoda ya kaseti.

Transfoma haikuingia kwenye ganda. Niliifunga ndani ya kopo dogo la bati la nyanya lililounganishwa na ethi, likakaa upande wa amplifaya, na waya mfupi wa sentimita 30 tu kutoka hapo hadi mlangoni, maana upande wa omu nyingi hauvumilii waya mrefu. Mara ya kwanza ilivuma vibaya. Nilikuwa nimeliweka kopo kando ya transfoma kubwa ya umeme. Nikalisogeza nusu mita na kulizungusha robo, mvumo ukaisha.