Namba 639

Leo nimemaliza wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo kwenye maktaba hapa Mwanza, na bado nina furaha ya jana.

Alikuja mzee mmoja kutoka Igombe, viatu vina mchanga wa ziwani. "Mwanangu, nataka kitabu cha kufuga sato kwenye vizimba." Nikakimbilia rafu ya 597, nikijua samaki wako huko. Nikamletea kitabu kinene, picha za mapezi na mifupa. Akakifunua taratibu, akanirudishia. "Samaki nawajua, mama. Nataka kuwafuga."

Mkutubi wetu akanishika mkono hadi rafu ya 639. Huko ndiko unakaa uvuvi na ufugaji wa samaki, maana mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, uliotoka mwaka 1876, haupangi kwa jina la kitu tu. Unatazama kitabu kinakizungumziaje. Samaki kama kiumbe ni 597, ndani ya sayansi. Samaki kama kazi ya mtu anahamia 600, kwenye teknolojia. Darasani nililikariri hilo, sikulielewa.

Kitabu kilikuwepo, lebo yake mgongoni imeanza kubanduka. Mzee alikaa dirishani karibu saa mbili, ananakili vipimo vya kizimba kwenye daftari la mwanawe.

Alipoondoka nilibandika lebo mpya, nikaiandika namba kwa mkono wangu. Jumatatu anarudi, kaniomba nimtafutie cha magonjwa ya samaki. Nimeshakiona, nimemwekea kaunta.