Mtungi wenye kitambaa chekundu

Januari 2024 nilianza kupika oda nyumbani, Kisauni, Mombasa: mahamri ya asubuhi, sambusa, na biriani za wikendi. Mambo ya kodi hata hayakunipitia akilini. Kabla ya hapo sikuwa na kipato, kwa hivyo kila Juni naingia saiba, kijana ananijazia ritani ya sifuri, yaani taarifa ya kodi kwamba sina kipato, namlipa, naenda zangu.

Ami yangu, mhasibu mstaafu, ndiye aliyenigutusha. Alikuja kula biriani, akauliza risiti za mchele ziko wapi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mwanangu, kuanzia Januari hii gharama isiyo na risiti ya eTIMS, ile ya mtandao, KRA hawaikubali, ndio watu wa kodi hao. Watakutoza kana kwamba mchele uliokota."

Basi nikahamia kwa muuza jumla anayetoa hizo risiti. Mchele, unga, mafuta, vyote kwake, na kabla hajapiga risiti namtajia PIN yangu, namba ya kodi, iingie humo. Vijana wa kaunta wakanibandika jina: Mama PIN.

Gesi ndiyo iliyonisumbua. Sheria inataka gharama iwe ya biashara tupu, na gesi iliyochemsha chai ya wanangu haimo. Kugawa mtungi mmoja kwa kukisia niliona ni kujitafutia maneno. Nikanunua mtungi wa pili, wa kilo 13, nikaufunga kitambaa chekundu shingoni. Siku moja nikamkuta kifungua mimba wangu anaukaangia mayai. Mtaa mzima ulinisikia. Pesa za mwenye nyumba na tokeni za stima sikuzitia kwenye gharama kabisa. Friji ni moja, na jiko ndilo hilo hilo la familia.

Aprili 2025 tukaketi na ami na kiboksi changu cha viatu kilichojaa risiti. Mauzo ya mwaka: 816,000. Kwanza akapiga hesabu bila gharama, makusudi anitie baridi: baada ya nafuu ya mtu binafsi, kodi unayosamehewa kwa mwaka, ya 28,800, kodi ilikuwa 153,400. Kijasho kikanitoka. Kisha akatoa gharama zenye risiti, 489,000. Faida ikabaki 327,000. Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 28,800, na nafuu ikazimeza zote. Zile 39,000 zilizozidi zikatozwa asilimia 25. Nikalipa 9,750 kabla ya tarehe 30.

Iliyoniuma ni hii: vitunguu, viazi na nazi za soko la Kongowea, kama 60,000 kwa mwaka, nilinunua bila risiti yoyote. Zingekubaliwa, faida ingeshuka chini ya 288,000 na nisingelipa hata ndururu. Mama wa vitunguu nampenda, hunitilia na nyongeza, lakini hesabu yake aniandikia kwenye kipande cha katoni.

Sasa oda za Ramadhani zimeongezeka na ami ameanza kunihesabia miezi. Mauzo yakipita milioni moja kwa mwaka naingia kodi ya mauzo, asilimia 3 ya mauzo yote, ya kulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20, na huko gharama hazikatwi hata uwe na kabati la risiti. Ukitaka kubaki kwenye hesabu ya faida, unamwandikia Kamishna. Barua tumeshaiandika rasimu, iko ndani ya kile kiboksi.